Kutoka Sumu ya Mshale hadi Lango la Potasiamu: Historia ya Istilahi Chache za Msuli wa Moyo

Mwese ni kata ya nyanda za juu katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Atokaye Mpanda kwenda huko hupanda, akaliacha joto la bonde nyuma yake. Wenyeji wa asili wa upande huo ni Wabende na Watongwe. Katika miaka ya 1960 walipokewa huko wakimbizi wa Rwanda, wakapewa ardhi wakalima; na baada yao wamekuja watu wa makabila mengine wenye kutafuta mashamba na malisho. Basi mwalimu au mganga anayesimama mbele ya umati wa Mwese hana lugha ya kuwakusanya wote isipokuwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hakina budi kuwa na maana moja kwa wote. Kwa sababu hiyo tulichagua kuisomea huko, kabla haijapigwa chapa, rasimu ya karatasi ya elimu ya afya tuliyokuwa tumeifasiri. Ilihusu maradhi ya moyo.

Katika ukurasa wa tatu tulikuwa tumeandika hivi: "Moyo unaokosa damu kwa vipindi vifupi hujipatia kinga." Sentensi hiyo ilikuwa na ushahidi wa sayansi nyuma yake, na sisi wenyewe tuliiona nzuri. Tulipoimaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akasema: "Wanangu, mimi kifua hunibana nikipanda mlima, nikiketi kinaachia. Kumbe siku zote nilikuwa nachanjwa bila kujua?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana mkononi alikuwa na barua ya zahanati iliyomtaka ashuke Mpanda hospitalini, na sasa alikuwa anaikunja na kuirudisha mfukoni. Nauli ya Mpanda si ndogo kwa mkulima, na sentensi yetu ilikuwa imempa sababu ya kutoitumia. Tulimwendea baada ya mkutano, tukamweleza, "Baba, kosa ni letu, safari yako ibaki pale pale." Akakubali, kwa staha ya mtu mzima awavumiliaye vijana waliotoka mbali.

Rasimu ile tuliiondoa. Lakini swali lilibaki: tulikosea wapi? Hatukukosea katika sayansi. Tulikosea kwa kuyachukua maneno ya haraka kwa mambo yaliyopatikana polepole, bila kuuliza kila neno limetoka wapi na limekwisha kubeba mzigo gani. Makala haya ni jaribio la kuirudia njia hiyo. Tunaianza mbali kidogo, katika podo la mwindaji, kwa sababu ndiko elimu yenyewe ilikoanza kwa upande wetu wa dunia.

Katika miombo ya magharibi ya Tanzania huota mmea ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la Strophanthus eminii, kwa heshima ya Emin Pasha, yule Mjerumani aliyepita nchi hizi kabla ya kuuawa huko Kongo mwaka 1892. Ni mmea wa sumu ya mishale. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaujua, na jamaa zake wametumiwa na wawindaji wa nchi nyingi za Afrika kabla sheria za wanyamapori hazijaikataza kazi hiyo. Mnyama aliyechomwa kwa mshale wa namna hiyo hafi kwa jeraha. Moyo wake hupiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, kisha hupoteza mwendo, kisha husimama. Mwindaji hakuhitaji kupasua seli ili ajue kuwa sumu yake hutafuta moyo.

Elimu hiyo iliingia Ulaya kwa njia ya kuchekesha. John Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1863. Mswaki wake uliwekwa mfuko mmoja na sumu ya mishale aliyoikusanya. Aliposugua meno akaonja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kirk huyu ndiye aliyekuja kuwa mwakilishi wa Uingereza katika Unguja kwa miaka mingi, naye alikuwa mmoja wa waliompatia Thomas Fraser wa Edinburgh vielelezo vya sumu hiyo. Fraser aliichunguza, na mwaka 1885 akaitangaza kuwa dawa ya moyo. Mmea wenyewe ukaitwa Strophanthus kombe, na hilo "kombe" ni neno la wenyeji wa bonde la Shire, si la Kilatini. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga sumu nyingine kutoka katika mti wa Acokanthera, ambao huku kwetu huitwa msunguti. Akaiita uabaini, kwa kufuata neno la Kisomali "waabaayo". Wagiriama huiita sumu yao ya mishale utsungu, neno lililo jamaa ya uchungu wetu. Na kweli sumu hizi zote ni chungu sana.

Tumelitaja hili kwa makusudi. Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba sayansi ya mwili ni mgeni asiyekuwa na ukoo katika lugha zetu. Hapa yako maneno mawili ya Afrika ya Mashariki yaliyomo katika vitabu vya dawa vya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 100, na hakuna aliyelalamika kuwa hayafai kwa sayansi.

Ili kueleza sumu hiyo inafanya nini ndani ya moyo, hapana budi kwanza tuseme habari za chumvi. Kaskazini ya Mwese, ambako mto Ruchugi unaingia katika Malagarasi, ipo Uvinza, na chumvi ya chemchemi zake imekuwa ikipikwa na kuuzwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Misafara ya Ujiji na Tabora iliijua. Hiyo ni chumvi ya natiri, ile tunayoitia mchuzini. Lakini watu wa bara waliokaa mbali na Uvinza, au waliokosa kitu cha kubadilishana, walikuwa na chumvi nyingine: walichoma nyasi na matete ya mabwawani, wakachuja majivu kwa maji, wakayapika maji hayo mpaka yakauke. Chumvi ya majivu sehemu yake kubwa si natiri. Ni potasiamu. Ulimi huitambua kwa ukali wake.

Kwa hiyo mama wa zamani aliyekuwa na vibuyu viwili, kimoja cha Uvinza na kimoja cha majivu, alikuwa ametenganisha kwa mkono yale yale ambayo Humphry Davy aliyatenganisha kwa umeme mwaka 1807, alipoitoa potasiamu katika majivu na natiri katika magadi. Majina pia yanasema hivyo hivyo. Alama ya potasiamu katika kemia ni K, kutokana na "kalium", na hilo ni la Kiarabu, "al-qali", yaani majivu ya mimea ya chumvi. Ndilo lililotupa pia alkali. Alama ya natiri ni Na, kutokana na jina la kale la magadi, na jina hilo hilo limo katika Ziwa Natron lililoko kwetu. Waliopendekeza zamani kwamba potasiamu iitwe "kali" walikuwa na hoja ya historia, ila wangetuletea balaa katika sarufi: "chumvi kali" ingekuwa na maana mbili, na muuguzi hana nafasi ya kuuliza ipi. Potasiamu imekwisha kuzoeleka shuleni na ibaki.

Sasa turudi moyoni. Kila seli ya mwili hukaa katika maji ya chumvi ya Uvinza, ikiwa imejaza ndani chumvi ya majivu. Utofauti huo haudumu wenyewe. Hutunzwa na mtambo mdogo wa protini uliomo katika utando wa seli, ambao huzitoa ioni 3 za natiri na kuziingiza 2 za potasiamu kila unapotumia chembe moja ya ATP, yaani ile fedha taslimu ya nishati ambayo seli hulipia kazi zake. Mwaka 1953 Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba sumu za jamii ya kombe na uabaini huuzuia usafirishaji huo. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark akauona mtambo wenyewe katika neva za kaa, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Mtambo ukizuiliwa kidogo, natiri huongezeka ndani ya seli, kalsiamu hujaa kwa kuifuata, na msuli wa moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Hapo sumu ni dawa. Ukizuiliwa sana, mpangilio huvunjika na moyo hufa. Hapo dawa ni sumu.

Kwa mtambo huu neno "pampu" latosha. Ni la mkopo, lakini kila mwenye kisima au baiskeli analijua, nalo lina sifa muhimu: pampu hufanya kazi kwa nguvu, ikipeleka kitu kule ambako chenyewe kisingekwenda. Hatukupata taabu yoyote nalo Mwese.

Taabu ilianza kwa kitu cha pili, ambacho si pampu. Katika utando wa seli yamo pia matundu ya protini yenye kuruhusu ioni za aina moja kupita kwa kufuata mteremko wake, bila gharama, nayo hufunguka na kufungwa. Waingereza walitwaa kwa kitu hicho neno lao la mifereji na milango ya bahari, na wafasiri wetu wakalifuata kwa "mfereji". Wengine wakaandika "chaneli", ambalo redio na televisheni zimekwisha kulimiliki. Katika rasimu yetu tuliandika "mfereji wa potasiamu". Kijana mmoja mwenye bustani akatuuliza ni nani anayeuchimba upya baada ya mvua. Lilikuwa swali la haki. Mfereji ni mrefu, uko wazi, hupitisha kila kitu kilichomo majini, na huziba kwa tope. Kitu tunachokitafuta ni kifupi kama unene wa ukuta, huchagua apitaye, na hufungwa kwa amri. Kwa Kiswahili kitu cha namna hiyo ni lango. Miji ya pwani yenye kuta ilikuwa na malango, na kila lango lilikuwa na bawabu na komeo. Tukisema "lango la potasiamu", mara tunapata bila kuunda neno jipya "komeo" kwa sehemu ya protini inayofunga, na "bawabu" kwa kitu kinachoamuru. Tunajua kwamba wapo watakaosema lango ni pana mno kwa kitu kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Lakini hata seli, kwa asili yake ya Kilatini, ni chumba kidogo, na hakuna anayetafuta kitanda ndani yake.

Bawabu wa lango tunalolizungumzia ana tabia ya pekee. Mwaka 1983 Akinori Noma, mtaalamu wa Kijapani, aliona katika utando wa seli za moyo malango ya potasiamu yanayofungwa na ATP. Yaani ghala likijaa, lango limefungwa. Ghala likianza kuwa tupu, lango hufunguka. Wakati huo hakuna aliyejua faida yake ni nini.

Miaka mitatu baadaye, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walifanya jaribio ambalo ndilo lililozaa sentensi yetu mbaya ya Mwese. Kwa hiyo tulieleze kwa ukamilifu. Waliufunga mshipa mmoja wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua kwa dakika 5, wakarudia hivyo mara 4. Kisha wakaufunga kwa dakika 40. Mtu angetazamia kwamba moyo uliokwisha kuteswa mara nne ungeumia zaidi. Ikawa kinyume: sehemu ya msuli iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile iliyokufa katika mbwa ambao hawakutangulizwa vile vipindi vifupi. Lakini sehemu ya pili ya jaribio hilo husahauliwa na wengi, nasi tuliisahau. Mshipa ulipofungwa kwa saa 3, faida haikuonekana tena. Wenyewe katika kichwa cha makala yao ya 1986 waliandika kwamba kifo cha seli kimecheleweshwa. Hawakuandika kwamba kimezuiliwa.

Hapo ndipo "kinga" inapoanguka. Kwa Kiswahili cha leo, baada ya miaka mingi ya kampeni za surua, pepopunda na kupooza, kinga ni kitu unachokipata, unaondoka nacho nyumbani, na kinakaa. Huwezi kumlaumu mzee wa Mwese kwa kulielewa neno kama Serikali ilivyomfundisha. Tulipofikiri kulibadili kwa "hifadhi" tukakumbuka kwamba tuko Katavi, ambako Hifadhi ni mahali penye viboko na askari wa wanyamapori, na mpaka wake haupitiki kwa mifugo. "Ulinzi" ni bora kidogo, ingawa nao huahidi mno. Kile walichokiona watu wa Duke ni kwamba msuli ulivumilia njaa ya damu kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida yake, kisha ukashindwa. Kiswahili kina neno la hali hiyo: kustahimili. Tunapendekeza "ustahimilivu wa msuli wa moyo" kwa hali yenyewe, na "kustahimilisha" kwa tendo la kuileta. Kustahimili kuna mwisho ndani ya maana yake. Asemaye "nimestahimili" hasemi "nimepona".

Je, lango la Noma linahusikaje? Mwaka 1992 Garrett Gross na John Auchampach walionyesha katika mbwa kwamba glibenklamaidi, dawa inayoyafunga malango hayo, huiondoa faida ya vile vipindi vifupi. Ikadhaniwa kuwa habari imekwisha: lango lililo katika utando wa nje hufunguka, pigo la moyo linafupika, na nishati inaokolewa. Dhana hiyo ilikuwa rahisi, nayo haikutosha. Mwaka 1991 wataalamu wa Japani walikuwa wamekwisha kuona lango la namna hiyo mahali pengine kabisa, katika utando wa ndani wa mitokondria za ini la panya. Mwaka 1997 Keith Garlid na wenzake wakaonyesha kwamba daiazoksaidi, dawa ya zamani ya shinikizo la damu, huusaidia moyo wa panya kustahimili kwa kiasi kidogo ambacho hulifungua lango la mitokondria huku kikiliacha lile la utando wa nje.

Mitokondria ni neno lililoundwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kwa maneno mawili ya Kiyunani, uzi na chembe, kwa kuwa ndivyo alivyoziona chini ya darubini: nyuzi za chembechembe. Halisemi lolote juu ya kazi yake. Vitabu vyetu vya shule vimelipokea kama lilivyo, na hatuoni haja ya kuligusa. Ila tungependa walimu waache kuziita "ghala la nishati". Ghala huweka, mitokondria haziweki. Seli ya moyo haina akiba ya ATP ya kuitosha hata dakika, na theluthi moja hivi ya ujazo wake ni mitokondria zinazofanya kazi bila kupumzika. Afadhali "kinu": nafaka inaingia upande huu, unga unatoka upande ule, kinu kikisimama hakuna chakula. Tena ni mfano wa kweli kuliko tulivyotazamia, maana protini inayotengeneza ATP huzunguka hasa, ikisukumwa na ioni za haidrojeni zinazoteremka kupita ndani yake. Jambo hilo la mteremko alilitangaza Peter Mitchell wa Uingereza mwaka 1961, wengi wakampinga, na mwaka 1978 akapata Tuzo ya Nobel.

Lango la mitokondria likifunguka, potasiamu kidogo huingia ndani ya kinu, nayo hufuatwa na maji, na kinu huvimba kidogo. Hapo hutolewa kiasi kidogo cha oksijeni kali, ile ile ambayo ikizidi huua seli. Kwa kiasi hiki haiui, inapeleka habari. Vimeng'enya vya jamii ya kinasi huipokea, kimoja kikampa kingine, mpaka hatimaye tundu kubwa la hatari katika utando wa mitokondria linazuiliwa lisifunguke damu inaporejea. Maana ajabu nyingine ya moyo ni hiyo, kwamba sehemu ya madhara hutokea wakati damu inaporudi, si wakati inapokosekana. Na mwanzo wa habari hizo uko nje ya seli: msuli wenye njaa ya damu hutoa adenosini, na vitu vya jamii ya afyuni ambavyo mwili hujitengenezea, navyo hugonga utando wa nje.

Mpangilio huu wote tuliuita katika rasimu "mawasiliano ya seli". Tumeuacha msemo huo kwa sababu mawasiliano ni ya pande mbili, nayo yananuka posta na simu. Jambo lenyewe linafanana zaidi na mbiu ya mgambo: mmoja hupiga, wa kilima cha pili husikia naye akapiga, na kila mmoja anajua kazi ya kufanya bila kumwona aliyeanza. "Upokezano wa ishara" ndio msemo tunaoupendekeza. Mwalimu mmoja wa Mwese alitaka tuandike "mbiu za seli" moja kwa moja. Tulivutiwa sana, ila tukahofu kwamba kitabu cha tiba kitahitaji pia kitenzi na jina la kifaa kinachopokea, na mbiu haitoi yote hayo kwa urahisi kama ishara.

Wasomaji wasidhani kwamba lango la mitokondria lilikubaliwa bila ugomvi. Kwa miaka zaidi ya 20 liliitwa jina bila kuonyeshwa mwili. Wapinzani walisema daiazoksaidi hufanya mambo mengine ndani ya mitokondria, kwa hiyo haithibitishi lolote. Protini yenyewe haikujulikana mpaka mwaka 2019, wataalamu wa Padova huko Italia walipozitaja protini mbili zinazounda lango hilo, moja ikiwa tundu na ya pili ikiwa mpokeaji wa ATP na dawa. Panya walionyimwa ile ya kwanza hawakupata tena faida ya daiazoksaidi. Tunalitaja hili kwa ajili ya wafasiri. Kitu kinaweza kupewa istilahi wakati bado kinabishaniwa. Mfasiri akiandika "lango linalodhaniwa" wakati wa ubishi anafanya kazi yake sawasawa, na akilifuta neno "linalodhaniwa" kabla ya wakati amewapotosha watu, hata kama baadaye atathibitishwa.

Na ile sumu ya mshale? Mwaka 2003, na tena 2007, majaribio ya Marekani yalionyesha kwamba uabaini kwa kiasi kidogo sana, ikiigusa pampu ya natiri na potasiamu, huanzisha upokezano wa ishara unaofika hadi katika lango la mitokondria, na moyo wa panya ukastahimili zaidi njaa ya damu. Pampu ya Skou, basi, ilikuwa pia sikio. Sumu iliyokuwa ikisimamisha moyo wa pofu imekutwa ikipita njia ile ile ambayo moyo hujitetea kwayo. Haimaanishi kwamba msunguti ni dawa ya nyumbani. Panya huistahimili uabaini kuliko binadamu kwa mbali sana, na kiasi kinachotibu na kinachoua kwa binadamu vimekaribiana mno. Katika karatasi ya afya habari hii hatukuitia kabisa.

Wala faida ya vile vipindi vifupi haijafika hospitalini kama ilivyotumainiwa. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makubwa, la Uingereza na la Ujerumani, kila moja likiwa na wagonjwa zaidi ya 1,300 waliopasuliwa moyo. Walifungwa mkono kwa mpira wa kupimia shinikizo, ukafunguliwa, ukafungwa tena, kwa matumaini kwamba ishara itasafiri hadi moyoni. Hawakufaidika kuliko wenzao. Mwaka 2019 jaribio jingine, la wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopatwa na shambulio la moyo, lilijibu vivyo hivyo. Kwa upande wa glibenklamaidi, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari nchini wameitumia, hatukuona busara kuitaja kwa jina mbele ya umati. Mtu akisikia kwamba dawa yake hufunga malango ya moyo ataiacha kesho, na sukari itamwua kabla ya moyo. Jambo la kubadili dawa ni la daktari wake. Mfasiri naye ana haki, na pengine wajibu, wa kumwuliza mwandishi wa asili kama sentensi fulani ni ya karatasi hii au ya kitabu cha wanafunzi wa udaktari.

Tulirudi Mwese na rasimu mpya. Ukurasa wa tatu sasa unasema: "Maumivu ya kifua yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika ni onyo kwamba msuli wa moyo unakosa damu. Msuli huo unaweza kustahimili kwa muda, lakini muda huo una mwisho. Nenda hospitali kabla haujaisha." Malango, pampu na vinu tumeviweka katika kijitabu cha pili, cha walimu wa sekondari. Mzee wetu hakuwapo mkutanoni. Tuliambiwa kwamba alikwisha kushuka Mpanda na kurudi, na kwamba siku hiyo alikuwa shambani, akipalilia asubuhi tu kama alivyoagizwa.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipatia ufumbuzi. Lile tundu kubwa la hatari, linalofunguka damu inaporejea na kuiua mitokondria, haliwezi kuitwa lango, kwa sababu halichagui kipitacho na likifunguka wazi kwa muda seli haiponi. Tumejaribu "tundu", ambalo ni dogo mno. "Ufa", ambao haufungwi. Na "tobwe", ambalo halieleweki bara. Mwalimu wetu wa Mwese amependekeza "pengo", nasi hatujaridhika. Tutashukuru kwa maoni ya wasomaji.